Biashara ya Kutwa Moja na Hisabu ya Nafsi

Katika darsa yetu ya baada ya Isha kijana mmoja alituuliza suali, nasi wazee tukalijibu kwa haraka kuliko ilivyotupasa. Suali lenyewe ni hili: mtu anayenunua hisa asubuhi akaziuza kabla ya siku kwisha, na kesho akafanya vivyo hivyo, je, huyo ni mfanyi biashara au ni mcheza kamari? Mmoja wetu alisema ni kamari, hapana haja ya maneno mengi. Mwengine akasema ni biashara, maadamu pana mnunuzi na muuzaji na bei yajulikana. Mimi nilisema kuwa yategemea nidhamu ya mtu mwenyewe, na nikaona nimesema neno kubwa. Leo nataka kulirejea neno langu hilo, kwani tangu usiku ule nimekwenda Nairobi, nikakaa siku nne kwa mpwa wangu katika mtaa wa Umoja, na niliyoyaona huko yamenijulisha kuwa sikujua nilisemalo.

Kwa wasomaji wetu wasiotoka Pwani mara kwa mara, Umoja ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, ng'ambo ya barabara ya Outer Ring. Nyumba zake za mwanzo zilijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliotoka Marekani, na zilikusudiwa watu wa pato dogo. Leo, khasa upande uitwao Innercore, zimesongamana ghorofa za kupangisha, moja imeegemea nyingine, hata mtu aliye dirishani aweza kusikia jirani wa jengo la pili akikoroga chai. Watu wake ni wa kila kabila na kila dini: walimu, makarani, wauza mitumba, madereva wa matatu, na vijana wengi waliosoma wasipate kazi waliyoisomea. Mpwa wangu ni mmoja wao. Alikuwa mwandishi wa bidhaa katika ghala. Ghala likapunguza watu, na tangu hapo chumba chake cha ghorofa ya nne ndicho duka lake, na simu yake ndiyo mizani.

Ukutani, juu ya kitanda, amebandika karatasi yenye sharti tano alizojiwekea kwa mkono wake. Asitie khatarini zaidi ya shilingi 2 katika kila 100 za mtaji wake kwa biashara moja. Asinunue chochote kabla hajaweka amri ya kukata khasara, yaani bei ambayo ikifikiwa mali huuzwa yenyewe bila ya yeye kuulizwa tena. Asiongeze fedha katika biashara inayokwenda kombo. Akipata khasara mara mbili katika siku moja, afunge simu. Na asilale kabla hajaandika alilolifanya na sababu ya kulifanya. Nakiri kuwa niliipenda karatasi ile. Niliona ndani yake adabu ambayo wengi wetu wenye maduka hatunayo.

Yafaa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoihukumu hawaijui. Soko la hisa la Nairobi ni la tangu mwaka 1954, na kwa miaka mingi mtu aliyenunua hisa hakuweza kuziuza siku ile ile. Alingoja mpaka hisabu zimalizike. Mwishoni mwa mwaka 2021 soko liliruhusu kununua na kuuza kwa siku moja. Lakini hisa zinazobadilisha mikono kwa wingi katika soko letu ni za kampuni chache, na bei zake nyingi hukaa kimya siku nzima kama maji ya mangrini, basi kijana anayetaka bei itembee hugeukia masoko ya mbali: hisa za Marekani, dhahabu, fedha za kigeni. Biashara ya fedha za kigeni kwa njia ya simu ilitungiwa kanuni nchini Kenya mwaka 2017 na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na madalali wenye leseni wapo. Wasio na leseni wapo pia, na matangazo yao ndiyo yenye makelele zaidi.

Sasa sikiliza, kwani hapa ndipo penye mzizi wa mambo. Mara nyingi kijana huyu hanunui hisa. Hununua mkataba juu ya tofauti ya bei ya hisa: ikipanda alipwe, ikishuka alipe. Tena hanunui kwa fedha yake tu. Dalali humruhusu kushika mali ya shilingi 20,000 naye ana shilingi 1,000 peke yake mkononi, na wengine huruhusu zaidi ya hapo kwa mbali. Mali ile ikishuka bei kwa shilingi 5 katika kila 100, khasara yake ni shilingi 1,000, yaani mtaji wote. Bei haikuanguka, imeinama kidogo tu, kama inavyoinama kila siku, na mtu amekwisha.

Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu za alasiri kwa saa zetu, na katika miezi ya baridi ya huko saa kumi na moja na nusu. Dakika za mwanzo ndizo zenye mawimbi makubwa. Kwa hivyo wakati ambapo mtu wa Umoja anarudi nyumbani, watoto wanacheza ngazini, na mwadhini wa mtaa anajitayarisha kwa Magharibi, mpwa wangu ndio kwanza anafungua duka.

Alianza kwa shilingi 180,000. Fedha hizo mama yake, dada yangu, alimpelekea amwekee, kwani zilikuwa za kubadilisha mabati ya nyumba yao ya Mji wa Kale, na fundi alikuwa hajapatikana. Wiki tano za mwanzo alifuata sharti zake, na mtaji ukafika 211,000. Kisha ikaja jioni moja. Alinunua, bei ikashuka, amri ya kukata khasara ikafanya kazi yake, akapoteza kama 4,000. Akanunua tena, ikawa vile vile. Sharti yasema afunge simu. Hakufunga. Alisema moyoni mwake kuwa bei hii sasa haina budi kurudi, akanunua mara mbili ya kiasi chake, na ilipokaribia mpaka aliouweka, akausogeza mpaka chini. Ikaukaribia tena, akauondoa kabisa. Magharibi ilipita, Isha ikapita. Soko lilipofungwa saa tano za usiku, mtaji ulikuwa 61,000. Jioni mbili zilizofuata alikuwa akitafuta alichokipoteza, na mwisho wake akabaki na 9,000.

Aliponihadithia haya hakulia wala hakujitetea sana. Alisema: "Mjomba, biashara haina kosa. Kosa ni langu, nilivunja sharti. Nikipata mtaji tena sitavunja." Kisha akaniomba nimkopeshe shilingi 100,000, azirudishe fedha za mama kabla hajaziulizia. Nilimwambia anipe usiku mmoja. Na usiku ule, ndugu wasomaji, niliyafikiri haya ninayoyaandika, kwani jawabu langu katika darsa lilikuwa limerudi kunidai. Nilisema yategemea nidhamu. Haya, huyu hapa amekiri kuwa alikosa nidhamu, na aahidi kuwa nayo. Kwa hoja yangu mwenyewe ilinipasa nimpe.

Kwanza nimtendee haki. Kukata khasara ni jambo gumu kuliko linavyoonekana, na anayelidharau na ajitazame mwenyewe. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza katika uchunguzi wao uliokuja kuwa mashuhuri kwamba uchungu wa kupoteza huelemea nafsi kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile, na kwamba mtu aliyekwisha kupata khasara huwa tayari kuingia khatari ambayo jana angeikimbia. Mwaka 1998 Terrance Odean alitazama hisabu 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa Marekani, akaona kuwa watu huharakisha kuuza hisa zilizowapa faida na hung'ang'ania zile zinazowatia khasara. Mtu haoni kuwa anang'ang'ania hisa. Anang'ang'ania dhana kwamba hakukosea. Kuuza kwa khasara ni kukiri, na nafsi huchukia kukiri hata palipo na shilingi kumi.

Mimi nayajua haya bila ya kusoma. Zamani nilipokuwa na duka la kanga katika mtaa wa Biashara, Mombasa, nilinunua shehena ya rangi ambayo wanawake hawakuitaka. Mwezi wa pili nilijua. Ningeuza kwa bei ya chini nikaokoa robo tatu ya fedha zangu. Nilikaa nazo miaka miwili, nikiambia kila mtu kuwa rangi ile itarudi, mpaka panya wakanipa hukumu yao. Hapana aliyeniita mcheza kamari, kwani nilikuwa na duka, na mlango, na kibao. Lakini kosa la moyo lilikuwa ni lile lile la ghorofa ya nne, ila langu lilikwenda polepole.

Kwa hivyo amri ya kukata khasara, kwa maana yake, ni jambo la heshima. Ni mtu kusema saa akili yake imetulia: najua kuwa nitakapotishika sitakuwa mimi huyu, basi natoa hukumu sasa, na yule atakayekuja baadaye namfunga mikono. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika katika Ihya juu ya kuihisabu nafsi alichukua mfano wake sokoni: akamfanya mtu na nafsi yake kama washirika wawili wa biashara, mmoja humwekea mwenzake sharti asubuhi, humchunga mchana, na jioni hukaa naye kwa hisabu. Mpwa wangu hajakisoma kitabu hicho, lakini karatasi yake ya ukutani ina sharti, ina kuchunga na ina hisabu ya usiku. Nilipomwambia alishangaa, akataka nimtajie jina la kitabu aliandike.

Walakini pana tofauti, nayo si ndogo. Kwa al-Ghazali biashara ni mfano, na nafsi ndiyo inayotafutwa. Katika karatasi ya Umoja nafsi inatiwa lijamu ili fedha iongezeke, na siku fedha isipoongezeka lijamu haina kazi. Ndiyo maana ilivuliwa jioni ile ile iliyohitajiwa. Jesse Livermore wa Marekani alikuwa bingwa wa watu hawa. Katika anguko la soko la mwaka 1929 alipata mali isiyo kifani. Alizijua sharti kuliko wote, na mwaka 1940 alitoa kitabu cha kuwafundisha wengine. Lakini mwaka 1934 alikuwa amefilisika, wala haikuwa mara yake ya kwanza, na mwaka ule ule wa kitabu alijiua. Sisemi haya kumcheka marehemu. Nasema kuwa kuijua sharti, hata kuwa mwenye kuitunga, si kuwa nayo.

Sasa nije katika jambo lililonikosesha usingizi. Tuseme mpwa wangu angeshika sharti zote tano, siku zote, bila ya kuteleza. Je, angepata? Hapa maneno ya watu hayatoshi, na tutazame hisabu.

Brazil wachunguzi waliwafuatilia watu walioanza biashara ya kutwa moja baina ya mwaka 2013 na 2015 katika mikataba ya hisa. Waliodumu zaidi ya siku 300, ambao bila shaka hawakuwa watu legelege, 97 katika kila 100 walipata khasara, na waliopata zaidi ya mshahara wa chini kabisa wa nchi hiyo walikuwa kama mmoja katika 100. Taiwan, katika uchunguzi wa miaka mingi, waliofaulu mwaka baada ya mwaka hawakufika mmoja katika 100. Ulaya, wasimamizi wa masoko walitangaza mwaka 2018 kwamba katika mikataba ile ya tofauti ya bei, hisabu 74 hadi 89 katika kila 100 za watu wa kawaida hupoteza. Na Marekani, Barber na Odean walitazama nyumba zaidi ya 66,000 baina ya mwaka 1991 na 1996: waliouza na kununua kwa wingi zaidi walipata 11.4 katika 100 kwa mwaka, hali ya kuwa soko lenyewe lilitoa 17.9. Mtu aliyenunua akalala aliwashinda waliokesha.

Sababu moja haihitaji ilmu kubwa. Kila kununua na kuuza kuna ada, na kuna upenyo baina ya bei ya kununulia na ya kuuzia, ambao ni wa dalali. Tuseme gharama yote ni senti 20 katika kila shilingi 100 kwa duru moja, ambayo ni kidogo mno hata haionekani. Kijana akifanya duru tano kwa siku, kwa siku ishirini za kazi, amefanya duru mia moja. Shilingi 20 katika kila 100 za mtaji anaouzungusha zimekwenda kwa mwezi mmoja kabla hatujauliza kama alibahatika au hakubahatika. Nidhamu haizuii hilo. Nidhamu katika mtumbwi unaovuja humfanya mtu azame akiwa amekaa vizuri.

Basi yule mwalimu wa biashara hii, anayeuza masomo yake kwa vijana wa Eastlands na akapigwa picha kando ya gari la kukodi, hutumia neno nidhamu kwa namna gani? Mwanafunzi akipata, mwalimu husema: umeona faida ya masomo yangu. Akipoteza, husema: hukuwa na nidhamu. Lau watu mia wangevushwa mto na nahodha mmoja wakafika watatu, tungeuliza khabari ya chombo. Huyu anatuambia kuwa tisini na saba hawakujua kukaa, nao, maskini, wanamsadiki, kwa sababu kila mmoja akijitazama huona kuwa kweli jioni fulani aliteleza. Nani asiyeteleza? Hivi ndivyo mtu mwema huchukua lawama yote juu ya kichwa chake, na mchezo wenyewe ukabaki safi. Mpwa wangu alipojilaumu nilimsifu moyoni kwa unyenyekevu wake. Baadaye niliona kuwa unyenyekevu ule ndio uliokuwa ukimvuta arudi.

Wanavyuoni nao wamelitazama jambo hili kwa uangalifu kuliko sisi wa darsa. Baraza la Fiqhi la kimataifa lenye makao Jidda, katika kikao chake cha mwaka 1992, lilikubali kununua hisa za kampuni ambayo kazi yake ni ya halali, na likakataa kuuza hisa ambazo muuzaji hanazo. Na Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 2006 lilikataa biashara ya mtaji wa kuazima kutoka kwa dalali, kwa sababu mkopo ule umefungamana na faida ya mkopeshaji na una madhara yasiyofichika. Hawakusema kila anunuaye na kuuza siku moja ni mcheza kamari. Walitazama kitu gani kinauzwa, ni cha nani, na fedha imetoka wapi. Sisi tulirukia jina.

Na hilo la fedha imetoka wapi ndilo nililoliona kuwa kubwa kuliko yote. Sharti tano zile, ukizisoma tena, zote zahusu lini anunue, kiasi gani, na lini auze. Hapana hata moja isemayo: fedha hizi si zangu. Kosa ambalo mpwa wangu alilikiri ni la jioni ile moja. Lakini uamuzi wenyewe ulipita wiki tano kabla, asubuhi tulivu, bei hazitembei, hapana khofu wala haraka, alipozitoa fedha za mabati za mama yake kutoka mahali zilipowekwa akazipeleka kwa dalali. Wakati ule hakushindwa na nafsi kwa ghafula. Alikuwa na akili zake zote na nafasi ya kufikiri, tena alikuwa na kalamu mkononi akiandika sharti za kujichunga. Amana haikumjia akilini, kwa kuwa alikusudia kuirudisha na ziada, na kila mwenye kuitia mkono amana hukusudia hivyo.

Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi hawakuwa bora kuliko vijana hawa kwa tabia. Tamaa walikuwa nayo, na wako waliofilisika na kufilisi wenziwao. Lakini upepo uliwasaidia. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha, na mtu akishapakia boriti zake hakuweza kubadili shauri mpaka msimu ugeuke. Maamuzi makubwa yalikuwa mawili kwa mwaka, na baina yake pana miezi ya kushauriana barazani, kuulizana bei ya Maskati, kusikia kuwa fulani amezama. Kijana wa Umoja ana maamuzi mia kwa jioni moja, yuko peke yake, mlango umefungwa, na hapana wa kumwambia ngoja. Hata walipojipanga foleni watu wa nchi hii mwaka 2008 kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 moja, wengine kwa mikopo ya benki, walijipanga pamoja na wakajadiliana. Mapema mwaka 2009 bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3, na wako waliouza kwa hofu. Mwaka 2021 ikapita 40. Sisemi kuwa wanaongoja hushinda siku zote, kwani baadaye hisa hiyo iliteremka sana tena. Nasema tu kuwa anayetazama bei mara moja kwa mwezi hupewa na siku ishirini na tisa za kuwa na akili yake.

Asubuhi nilimpa jawabu. Nilimwambia kuwa kodi ya chumba ya miezi miwili nitailipa mimi, nami mwenyewe nitampa mwangalizi wa jengo mkononi. Shilingi 100,000 sitampa, si kwa sababu simwamini atashika sharti, bali hata akizishika. Na fedha za mama hazirudishwi kwa siri, kwa kuwa zilitoka kwa siri. Aliuliza: "Na nikimwambia, Mjomba, atanionaje?" Nikamwambia sijui. Hakusema nami tena mpaka adhuhuri, na chakula tulikula kila mtu akitazama sahani yake. Nilijiona mkali. Hata sasa sina yakini kama nilikuwa na haki ya kumsomea hisabu za Brazil mtu aliyekuwa akinilia ndani kwa ndani.

Kijana wetu wa darsa, namrejeshea suali lake nikiwa na jawabu pungufu kuliko la kwanza. Kama mtu ananunua hisa yenyewe, ya kampuni anayoijua kazi yake, kwa fedha zake zilizozidi matumizi ya watu wake, akaiuza jioni kwa sababu aliyoweza kuieleza asubuhi, simwiti mcheza kamari, ingawa namwona anajichosha. Yule wa mtaji wa kuazima, anayewania mkataba wa bei ya kitu asichokimiliki, sikuona namna ya kumtofautisha na mwenye kurusha dado, hata awe na karatasi ya sharti mia. Na baina ya wawili hawa wako wengi ambao sijui niwaweke wapi, nao wenyewe, nadhani, huhama upande jioni moja mpaka nyingine bila ya kujua.

Siku ya nne mpwa wangu alinisindikiza mpaka kituo cha reli cha Syokimau, akanichukulia mkoba. Hakuja nami Mombasa kama nilivyotaraji. Juzi dada yangu alinipigia simu, akasema kuwa mwanawe amemweleza yote, kwamba amelia, na kwamba mabati yatangoja mpaka masika yapite, wataweka ndoo panapovuja. Nilimuuliza kama kijana ameiacha ile biashara. Akasema hakumuuliza.